Kuli wa Bukoba Aliyefika Mombasa kwa Mdomo

Saa kumi na mbili asubuhi, meli imefunga gatini Bukoba. Datius Rweyemamu anainamisha shingo, gunia la kahawa linatua mabegani, naye anapanda ubao mbiombio. Analitua ndani, anageuka, anarudi nchi kavu. Kwa miaka kumi na mmoja hiyo ndiyo safari yake ndefu ya majini: hatua thelathini na mbili.

Lakini kwao Kamachumu, Datius ni msafiri mashuhuri. Alifika Kisumu, akapanda treni, akaiona Mombasa na bahari yake. Ukimuuliza habari hizo leo, anatazama miguu yake.

"Nilidanganya, bwana," anasema. "Zote nilizipata kwa abiria."

Ilianza mwaka 1947, alipokwenda kusalimia nyumbani. Kwa Wahaya, atokaye mbali hupewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, kisha watu husogea wasikie ya huko. Datius, ambaye shilingi yake na nusu kwa siku haikuwahi kumpa heshima popote, alimwona baba yake mzazi akimsogezea kiti.

"Mtu asiyetoka kwao nani anamsikiliza? Na kweli nilitamani kwenda. Kila meli ikiondoka, moyo unaifuata. Ila niliogopa. Ningefia huko, nani angenileta kuzikwa kibanjani, kwenye migomba ya kwetu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Datius iliishia kwa jirani yao, mjane Ephrasia. Mwanawe, Ildefons, alikwenda Mombasa kuitafuta dunia na hakuandika hata barua moja. Mama akauliza mbele ya wote: "Hukumwona mwanangu?"

"Nikasema nimemwona. Amenenepa, ana baiskeli, anakusalimu."

Tangu hapo, kila Datius akirudi mjini, Ephrasia humpa kifurushi cha akamwani kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba, ampelekee Ildefons. Miaka sita sasa.

Vilikwenda wapi? Datius anajifuta uso kwa gunia tupu.

"Nilivitafuna. Mimi na makuli wenzangu, hapa hapa gatini. Naona aibu hata kukuambia."

Aliomba habari hii isitoke kwanza. "Mama huyo asije akasomewa gazeti na mwalimu. Ayasikie kwangu."

Jumapili alikwenda, mwandishi huyu akiwa naye. Mwanamume mzima alipiga magoti uani akasema yote. Ephrasia aliendelea kumenya ndizi.

"Kwa hiyo hujui kama yu hai."

"Sijui, mama."

Aliinuka akaingia ndani. Tulidhani ametufukuza, na tungestahili. Akatoka na kifurushi.

"Hiki usikile," alisema.

Datius amekata tiketi ya daraja la tatu hadi Kisumu, meli ya Alhamisi. Bado anaogopa, na hafichi.

"Nikimpata, nitampa. Nikimkosa, nitamrudishia mama kifurushi chake, kimefungwa vilevile alivyokifunga."