Nilimkataza mama mswaki, sasa mama mkubwa anafukuzwa

Wasomaji, salaam. Jina langu nimeomba lifichwe. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili hivi, mfugaji wa huku Soitsambu. Shule niliishia darasa la tatu nikarudi kwa ng'ombe, nikikosea mnivumilie. Kusema mbele ya watu siwezi. Kuangalia ndio naweza.

Baba alifariki, akaacha wake wawili kwenye boma moja. Mdogo ndiye aliyenizaa, sina ndugu. Mkubwa, ndiye namwita mama mkubwa, hakujaliwa mtoto, kwa hiyo na yeye mtoto wake ni mimi. Nimekulia nyumbani kwake zaidi ya kwa mama.

Mwaka juzi mama alianza kutoka damu kwenye fizi kila akipiga mswaki, ule wa mti. Anatema, mate mekundu. Nikaogopa. Nikamwambia, “Yeyo, huo mti unakuchana. Acha kabisa mpaka upone.” Yeyo ni mama kwa kikwetu. Akacheka, akasema mwanangu ana huruma, akautupa.

Damu ikapungua kweli. Tukajua tumepona. Halafu ikaja harufu. Fizi zikavimba zikawa rangi ya ini, zikarudi nyuma, meno yakaonekana marefu. Nyama akawa anaimumunya tu anampa mbwa. Siku moja mama mkubwa akamletea maziwa mgando kwenye kibuyu chake, akanywa, na jioni ile ile jino la mbele likatoka lenyewe. Mama akalishika mkononi akasema, “Ni kibuyu chake. Yeye hakuzaa, sasa anataka na mimi nife njaa.” Tangu hapo hanywi kitu cha mkono wake.

Nikampeleka hospitali Wasso. Daktari alikuwa mtu wa Karatu, Kimaasai hajui, mama naye Kiswahili hajui. Mtafsiri nikawa mimi.

Daktari akachungulia, akaniuliza, “Huyu mama meno anayapiga mswaki au anayasalimia tu?”

Nikasema aliacha, yalikuwa yanatoa damu.

“Nani kamwambia aache?”

Nikaanza kumkunjia mama shuka lake. Akaniangalia, akasema, “Haya. Kibuyu cha maziwa mnakisafishaje?”

Nikamwambia kila siku, kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, mpaka chini kabisa.

“Mkiacha?”

“Maziwa yanaharibika.”

“Basi na kinywa ni hivyo hivyo. Uchafu unaganda pale jino linapoingia kwenye fizi, unakuwa ukoga mgumu. Fizi inavimba, mwisho hata mfupa unaoshika jino unaliwa. Ile damu ilikuwa inawaita, nyie mkakimbia. Alitakiwa asugue taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, na aje mapema.”

Akamkwangua ukoga, akang'oa mawili yaliyokuwa yananing'inia. Akasema yaliyobaki yanaweza kukaa akiyasafisha, asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi, aache tumbaku, arudi akwanguliwe tena.

Mama akaniuliza, “Anasemaje?”

Nikamwambia mswaki, chumvi, tumbaku, kurudi.

“Na nani kaniharibu?”

Nikasema, “Hajui.”

Wakati nasema sikusikia kitu. Sio uchungu, sio aibu. Nilikuwa naangalia beseni lenye yale meno mawili.

Sasa mama anasugua kila siku, fizi zimekaza, damu hakuna. Anawaambia majirani dawa ya hospitali imeshinda uchawi wa mke mwenzie. Wazee wamesikia. Wamesema mvua zikianza watakaa kikao, na mama mkubwa atarudishwa kwa kaka yake huko Ngorongoro. Ni mzee. Kaka mwenyewe hawajaonana miaka.

Mama mkubwa bado kila asubuhi anasafisha kibuyu, anajaza maziwa, anakiweka mlangoni kwetu. Mimi nawamwagia mbwa, namrudishia kitupu.

“Amekunywa?”

“Amekunywa.”

“Yote?”

“Yote.”

“Basi moyo wake unarudi,” anasema, anaenda zake na kibuyu.

Nikisema, mama atajua meno yake yameondoka kwa mdomo wangu, na kwamba nilimdanganya mbele ya daktari. Nikinyamaza, mwingine anaondoka. Silali vibaya, nakula, nachunga. Hilo ndilo linanitisha. Mawingu yameanza kukaa upande wa milimani. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na kama ni kusimama mbele ya wazee, mtu ambaye hajawahi kusimama anaanza na neno gani?