Da-Da-Dada, Funga Mlango

Pale kwa dobi ninapofanya kazi, kwenye chumba cha pasi, yuko mwanamke tunayemwita Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo dada," akaiweka pasi chini taratibu.

"Niite shangazi. Niite bibi ukipenda. Dada, hapana."

Nikadhani ni maringo tu. Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua, lakini kazi nilikuwa nimeipata juzi tu, nikaumeza ulimi.

Kazi yake ni mashati. Huanza na kola, akaja mabega, mikono, na kifua mwisho, na katikati ya mvuke ule haongei na mtu. Redio ya mapokezi iimbe, isiimbe, kwake yote sawa. Ila ikipigwa bendi moja ya roki, huishikilia pasi hewani mpaka wimbo uishe.

Bendi hiyo ni ya ng'ambo, na lugha wanayoimbia wengi wetu tuliijua kwa kubabaisha. Hilo halikutuzuia. Sisi wakereketwa wao tumeoana kwa nyimbo zao, tumeachana kwazo, tumezikana kwazo. Mimi nilimwacha mchumba mzima, mwenye kazi na meno yote, kwa sababu alisema zile ni kelele. Sijutii.

Upo wimbo wao mmoja wa polepole. Katikati vyombo vyote vinanyamaza, kimya kinatanda mpaka unasikia moyo wako, ndipo gitaa linarudi likilia. Ndani ya kimya kile, kwenye kanda zetu, palikuwa na sauti ya kijana, ya Kiswahili kabisa: "Da-da-dada, funga mlango." Kisha kishindo kimoja, ba.

Hebu fikiria. Watu wa ng'ambo, wasiotujua, wametuwekea neno letu ndani ya wimbo wao! Tulilia kwa fahari. Kinyozi wa mtaani kwetu alishikilia kwamba mlango ule ni kifo. Mwalimu mmoja akasema ni mipaka ya nchi. Mimi nilikuwa upande wa mapenzi. Watu walivaa fulana zenye maneno yale, na kigugumizi chake tulikiiga bila kuacha hata herufi, maana tulijua ni usanii. Ukifika pale unasema, kisha unapiga mguu chini mara moja.

Siku moja nikiwa nabandika namba kwenye nguo za wateja, niliuimba wimbo ule. Nilipofika kwenye kimya nikasema kama tusemavyo, nikapiga mguu. Mara nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Shangazi, ambaye hajawahi kuunguza hata leso, alikuwa amesimama na pasi juu ya shati la watu.

"Huyo ni mdogo wangu," alisema.

Nikacheka, Mungu anisamehe.

"Cheka tu. Alikuwa ananasa wimbo kutoka redioni, ameweka kinasa sauti mbele ya spika. Mimi nikaingia kutoka dukani, nikaacha mlango wazi, kelele za barabarani zikaingia. Alikuwa na kigugumizi. Akaniambia nifunge. Nikaubamiza kwa hasira, nimechoka zangu. Basi."

"Na ile kanda?"

"Rafiki zake waliiazima, wakaipeleka kibanda cha kurekodi. Huko ndiko mlikoipata nyote. Yeye homa ilimchukua mwaka uleule, sauti ndiyo kwanza inaanza kuwa ya kiume. Shuleni walimcheka mpaka akawa haongei mbele za watu. Aliongea na mimi tu."

Kicheko kikanikauka. Mimi na maelfu ya wenzangu tulikuwa tukimwiga mtoto wa watu aliyekufa, kigugumizi kwa kigugumizi, na kishindo kile tulichokipiga kilikuwa hasira ya dada yake.

"Kanda yangu ililiwa na redio zamani," aliendelea. "Nataka kumsikia mara moja tu. Nimeshaanza kumsahau. Asubuhi nyingine namtafuta kichwani simpati."

Nikaapa nitampatia. Niliwasumbua wakereketwa wote ninaowajua, nikakusanya kanda mfuko mzima, tukazisikiliza chumba cha pasi wakati wa mapumziko. Zilikuwa nakala za nakala, zimezeeka kuliko sisi. Kila tulipofika kwenye kimya tulisikia mkwaruzo wa kanda tu, shaa. Ile ya kinyozi ndiyo iliyonitia baridi. Shaa ndefu, kisha ba, waziwazi, karibu kama mlango umebamizwa nyuma yetu. Shangazi akageuka kuutazama mlango wa chumba. Ulikuwa umefungwa muda wote.

"Mlango upo," alisema. "Yeye hayupo."

Matoleo mapya ya kwenye simu ndiyo kabisa, pale katikati ni kimya kitupu, kama walivyokusudia wenyewe. Vijana wa siku hizi husema maneno yale kwa kufundishwa na sisi wakubwa.

Kisha tukasikia bendi inakuja, wamezeeka, wako kwenye ziara ya kuwaaga mashabiki. Nikamwambia Shangazi twende. Alikataa, akakubali, akakataa. Siku yenyewe nilimkuta amenitangulia kwenye geti la ukumbi, amejinyooshea gauni kama la harusi.

Onyesho lilikuwa alasiri, kwenye ghala lililofanywa ukumbi, jua likipenya kwenye matundu ya bati. Sisi tulisimama mwisho kabisa, tumeegemea ukuta. Wazee wale waliupiga wimbo ule kwa upole sana. Vyombo vikanyamaza. Na ghala zima, watu ambao hawakuwahi kuonana, wakasema kwa sauti moja ya chini, "Da-da-dada, funga mlango." Mguu mmoja. Vumbi likapanda.

Mwimbaji alirudi nyuma hatua. Hakuwahi kuyasikia maneno yale maishani mwake. Alimtazama mpiga gitaa, mpiga gitaa akatazama mikono yake, na hakuna aliyeanza. Kimya kile kikawa kirefu kuliko cha kwenye wimbo, na watu elfu hawakukohoa.

Ndipo ikasemwa tena, na mtu mmoja, peke yake. Sitaki kubishana na mtu yeyote kuhusu hili. Ilitoka nyuma yetu, na nyuma yetu palikuwa na ukuta. Ilikuwa sauti nene, isiyo na haraka, sauti ya mtu mzima mwenye ndevu zake. Ilikwama palepale kwenye neno la kwanza, ikajikwamua, ikamaliza.

Hakuna aliyepiga mguu. Ilikuwa kama kila mtu amejua si zamu yake.

Shangazi akainua mguu wake, akaushusha polepole, bila kishindo, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Gitaa likaanza kulia. Akanishika mkono, viganja vyake vina joto la pasi hata siku ya mapumziko.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Shangazi."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye anatabasamu kama mzazi kwenye mahafali.

"Sauti imeshakuwa nzito," alisema. "Amekua."