Nafula ni Wangu

Juzi nikipita kando ya darasa moja hapa Kitale, nilisikia mwalimu akifundisha ile Kizungu ya kuunga sentensi na "who", na wivu wa zamani ukanipanda, bana.

Tulikuwa Chwele kwa kukhu, nyanya yetu, tunapukuchua mahindi, vumbi inawasha pua. Siku zote binamu yangu Nafula alikaa ubavuni mwangu. Siku hiyo alikaa na Rosa, mtoto wa karani, mgeni kutoka Kitale aliyetuonyesha Kizungu ya shule.

"The woman who is laughing is Kukhu," Rosa alisema. Kukhu akacheka zaidi. Kisha akamshika Nafula bega. "Nafula is the girl who sits with me. Maana yake, ndiye msichana anayekaa na mimi."

Nilidhani mtu akikusema hivyo kwa Kizungu, basi amekuchukua. Nikamrushia gunzi. "Ati wako? Huyo ni wangu!"

"Wewe nawe!" Nafula akacheka, akavuta kigoda chake mpaka kwangu.

Baadaye nilijifundisha Kizungu peke yangu, nikajua "who" haichukui mtu. Lakini juzi mwalimu alipoomba mfano, nilisimama dirishani nikapaaza sauti: "Nafula is the girl who sits with me!"