Kuinamiana Uwanjani

Niseme ukweli, kirumbizi sikukipenda hata nilipokuwa kijana. Wanaume wanakata mkonge wiki nzima, migongo imewakauka, halafu siku ya Idi badala ya kulala wanashika fimbo wapigane mbele ya ngoma. Mimi mwenyewe nilikuwa hoi: kuni zangu, maji yangu, mtoto mgongoni, na pilau ya kambi nzima imenipitia mikononi. Lakini mume wangu alikuwa mchezaji, basi nami nikaenda kusimama.

Hii ilikuwa kwenye shamba la mkonge karibu na Pongwe, miaka ya hamsini, enzi za Waingereza. Kirumbizi kwetu kilikuwa na adabu yake. Anayeingia uwanjani humwinamia aliyemo mpaka ncha ya fimbo iguse mchanga, na aliyemo humjibu vilevile, chini sawasawa. Hapo ndipo huruhusiwa kupiga. Maana yake ni kwamba nataka mchezo, sikutakii shari, na nikikuumiza tusichukiane. Anayempiga mtu ambaye bado ameinama hana adabu, na ngoma humnyamazia.

Siku hiyo aliyekuwamo uwanjani ni mnyapara wetu. Mtu wa pwani hasa, mchezo aliujua tangu utotoni. Lakini kila aliyemwinamia alimjibu kwa kutikisa kidevu tu, na wenzetu wakaimeza dharau hiyo, kwani nani atamfunza adabu mnyapara? Mume wangu akavua kanzu. Nikamshika mkono nikamwambia asiingie, kazi yetu iko kwa huyu bwana, na mkono mtupu haulambwi. Akanitazama.

"Shambani namwinamia kila siku," akasema. "Hapa tunainamiana."

Akaingia, akainama. Mnyapara akatikisa kidevu. Mume wangu hakuinuka. Alibaki vilevile, fimbo mchangani, na kwa sheria ya mchezo hakuna wa kumgusa. Zumari ikalia, ikarudia, mpigaji akaishiwa pumzi akaacha. Ngoma nayo ikanyamaza. Niliona mapaja ya mume wangu yanatetemeka, maana alikuwa amechoka kama mimi. Nikamchukia, wallahi. Nikasema moyoni, inuka, we mwanamume, tutakula nini?

Watu hawakucheka wala kuguna. Walisubiri tu, wanaume kwa wanawake. Mnyapara akaangaza huku na huku, hakuna aliyemsaidia hata kwa kikohozi. Akainama. Akainama kweli, ncha ikagusa mchanga. Wakacheza kidogo, mume wangu akapigwa moja la bega, wakaachana.

Siku ya kurudi kazini majina yakaitwa, la mume wangu halikuitwa. Alipouliza, mnyapara akamwambia arudishe panga. Mchana huohuo tukashika njia ya Maramba kwa shangazi yake, vyungu kichwani, mtoto analia njaa. Mume wangu mbele, bega limevimba, anapiga miluzi. Mimi nyuma, hasira imenijaa mpaka machozi yananitoka.

Tulipokaa kupumzika aliniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu: "Lakini uliona alivyoinama?"

Nilitaka kumwambia sikuona.

"Niliona," nikasema. "Aliinama mpaka chini."

Akafunika uso kwa viganja, akalia. Nikakaa kando yake, sina nguvu hata ya kumbembeleza.