Mluzi wa Bondeni

Kazini walimwita Mama Pete, na jina likamganda. Alitega nyavu nyembamba msituni, akanasa ndege, akawavisha vipete miguuni na kuwaachia waende zao. Wenzake waligombania ndege wakubwa wenye rangi za kujidai. Yeye aliachiwa wasiotakiwa na mtu: vindege vya vichakani, vyote rangi ya jani kavu, ukikiona kimoja umeviona vyote. Hivyo ndivyo wasemavyo wavivu. Mama Pete alijua kwamba anayeruka juu matawini ni mwingine na anayejificha chini maguguni ni mwingine, hata wakifanana kama mapacha. Huyu ana mstari mweupe juu ya jicho, yule hana. Huyu miguu yake imepauka, yule yake ni myeusi. Na yuko mmoja, wa magugu ya bondeni, asiye na wimbo wake mwenyewe. Huyo ni mwizi wa mchana kweupe. Huiba sauti za wenzake, akazichanganya, akaimba bila haya.

Nyumbani waliishi wawili tu, yeye na mama mkwe. Mumewe alikuwa mlinzi wa msitu huohuo. Ulikuwa mwaka wa nne tangu aende doria asubuhi ya mvua asirudi. Watu walitafuta hadi wakachoka, wakapata kofia yake ukingoni mwa korongo, basi. Shati lake lilibaki limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na hakuna aliyethubutu kuligusa, si mama, si mke.

Marehemu, kama ni marehemu, alikuwa na mluzi wake. Akikaribia nyumbani alipiga sauti mbili za juu, kisha moja ndefu inayoshuka, wamfungulie mlango. Na msimu ule, baada ya kimya cha miaka yote hiyo, mama mkwe akaanza kuusikia.

"Mwanangu ananiita kule bondeni," alisema asubuhi moja, kikombe mkononi.

"Ni upepo, mama."

"Upepo unanijua mimi?"

Basi kila kukipambazuka, bibi kashika fimbo, kashika njia ya korongoni. Akikatazwa anaitikia vizuri kabisa, kisha anakwenda. Mara ya kwanza alirudi na tope mpaka kiunoni. Mara ya pili alirudi amebebwa, kifundo cha mguu kimevimba. Mama Pete alilia kwa hasira na woga. Korongo lilikwisha mla mmoja. Kumpoteza wa pili angevumilia vipi?

Kesho yake akashuka mwenyewe kusikiliza. Looo! Sauti mbili za juu, moja ndefu inayoshuka, palepale kwenye magugu kando ya maji. Nywele zikamsimama. Kisha mluzi ukafuatwa na mlio wa chura, na kelele za kasuku, vyote kwa pumzi moja, naye akaangua kicheko hadi akakaa chini. Kumbe mwizi! Ndege hawa hawahami bonde lao. Huyu bila shaka alimsikia mumewe enzi za doria, na wimbo akabaki nao.

Alirudi nyumbani akihema. "Mama, nikikuletea huyo anayekuita, ukamwona kwa macho yako, utaacha kwenda?"

Mama mkwe alimtazama sana. "Nikiona si mwanangu, nitaacha. Na lile shati nitalitoa mwenyewe."

Haikumchukua muda. Alitega wavu kwenye magugu, akangoja, akamwona mwimbaji akikatiza wimbo na kunasa. Akamtia katika kifuko cha kitambaa, akapanda naye hadi chumbani kwa mama, akamtoa kwa uangalifu, shingo katikati ya vidole viwili.

"Kadude haka?" mama mkwe alisema. "Haka ndiko kalikoniumiza mguu?" Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ile ya kofia. Mama Pete naye machozi yakamlenga. Alifurahi. Mwishowe jambo limekwisha.

Na kwa mazoea ya kazi tu, akamfumbua ndege mdomo, kama anavyowafanyia wote kabla ya kuwavisha pete. Kwenye ulimi palikuwa na madoa mawili meusi.

Makinda ndio wenye madoa hayo. Mwaka ukipita hufutika. Ndege huyu alikuwa hajatimiza mwaka duniani. Kufunzwa na baba yake au dume mwingine hakuwezekani, maana madume wa jamii hii hunyamaza kabla mayai hayajaanguliwa, wasianze tena mpaka makinda wamekwisha kujifunza nyimbo zao. Alichokiimba alikisikia mwaka huu, kwa masikio yake, mle bondeni. Kuna aliyekuwa akipiga mluzi mle.

Mtu aliye hai asiyerudi kwake, au kitu kisicho mtu. Hakujua lipi linatisha zaidi.

"Umeona nini?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Ni mzee tu, maskini. Amemwiga zamani."

Akamwachilia dirishani. Mama mkwe akachechemea hadi mlangoni, akalitoa shati, akalikunja taratibu, akaliweka chini ya nguo zake. "Umeniponya, mwanangu," alisema. "Sasa na wewe pumzika."

Kulipopambazuka mluzi ukasikika. Haukutoka bondeni. Ulitoka uani, hatua chache kutoka ukutani: sauti mbili za juu, moja ndefu inayoshuka, bila chura, bila kasuku.

"Ndege tu huyo, lala," mama mkwe alisema kwa usingizi, akageukia ukuta.

Mama Pete alikuwa amekwisha simama. Miaka yote alimwomba Mungu amrudishe. Sasa alikuwa ameegemea mlango kwa bega, amelishika komeo kwa mikono miwili lisifunguke.