Bunga Ndani ya Radiateri

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata ufunguo mumoja. Nilitoka Muheto kwa miguu, shati safi, moyo juu, nikijua nimeitwa kujifunza ufundi. Kapita wa garaji ya Masisi, njo aliyekuwa mukubwa wetu sisi wafanyakazi, alinipa ndoo na kunionyesha kijito. "Weye Bauma, utaleta maji." Wamama waliokuwa wanachota pale walinicheka sana. "Muone fundi! Fundi wa ndoo!" Nilikasirika karibu nirudi kwetu.

Jioni kapita aliniita karibu na kamyo, gari la mizigo. "Motere iko moto," alisema. "Radiateri njo kisima yake. Maji inatoka humu, inazunguka ndani ya chuma, inarudi kupoa. Maji ikipunguka, usiniambie imepotea. Maji haipotei. Iko fasi, mahali fulani. Tafuta ile fasi." Nilisema ndiyo, Papa Kapita, lakini kichwani nilikuwa nawaza ugali tu.

Ninyi vijana munaoniuliza namna tulivyofanya kazi, mujue hatukuwa na mashini ya kutuambia ugonjwa wa mashini nyingine. Tulisikiliza. Tulipapasa. Tulichovya kijiti katika mafuta ya motere: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia humo. Tulinusa moshi. Na barabarani kulikuwa na desturi moja: nyumba iliyo kando ya mupando wa mulima iliweka ndoo ao mutungi wa maji kwa ajili ya kamyo. Hakuna aliyeinyima kamyo maji. Shofere alijaza, akapiga honi mara mbili, njo aksanti yake.

Miaka kidogo baada ya vita ya wazungu kwisha, nilipelekwa Mubi, kule Walikale, katika garaji ya machimbo. Nilikuwa fundi kamili sasa, na kiburi changu kamili vilevile. Mukubwa wa pale tulimwita Bwana Shefu, muzungu mufupi, mwepesi wa hasira, lakini mikono yake ilijua chuma. Shofere wa kamyo ya zamani kuliko zote alikuwa Anselemi. Ee, Anselemi! Muntu murefu, mupole, anayeimba zaburi akibadilisha vitesi, gia za kamyo. Alipandisha madini mupaka Masisi, akarudi na maharagi na viazi vya kulisha wachimbaji. Nilimupenda kama ndugu wa tumbo moja, na mupaka leo namukumbuka sana.

Basi ile kamyo ikaanza kunywa maji. Anselemi alijaza asubuhi, akijaza tena kila kijito cha mupando, na akifika Masisi radiateri iko karibu kavu. Nilipima kila kitu. Mipira ya maji, mizima. Pompi, kavu. Mafuta, meusi safi. Niliwasha motere garajini, nikailalia chini na taa: hata tone moja. Siku tatu, hata tone.

Bwana Shefu alikwisha kupata jibu lake. "Anselemi, wewe hapana tia maji! Wewe nasimama kwa kijito, nafanya porojo na wanawake!"

"Bwana, minatia maji, Mungu anajua."

"Mungu hapana fundi wa garaji."

Hapo njo nilifanya upumbavu wa maisha yangu. Mashofere wa kwetu walikuwa na dawa yao: kitoboko kidogo cha radiateri walikiziba na bunga ya muhogo, yaani unga wa ugali, kiasi cha vidole viwili tu, inaiva ndani na kufunga. Mimi fundi niliwatukana kila siku kwa ile dawa. "Radiateri si sufuria!" Lakini haya ya kushindwa ilinibana. Asubuhi moja, Anselemi akiwa anapakia magunia, nilitia bunga. Na si vidole viwili. Kikombe kizima.

Kamyo haikufika mbali. Katika mupando wa kwanza ilichemka, wakairudisha kwa kuivuta na kamba. Bwana Shefu alipofungua, uji muzito ulitoka. Akatupa kifuniko cha radiateri chini, akapiga kelele mupaka wapishi wa machimbo walikuja kuona. "Anselemi! Bunga! Posho!" Alisema siku ya posho, siku ya kugawa chakula cha wafanyakazi, atamufukuza na kuandika katika buku yake ya kazi kwamba ameharibu mashini. Ninyi hamujui uzito wa neno lile. Shofere aliyeandikwa vibaya hakupata tena usukani katika Kivu nzima.

Anselemi aliangalia ule uji, kisha aliniangalia mimi. Mara moja tu. Alijua ni nani mwingine alishika kifuniko kile. Hakunitaja. Na mimi, ole wangu, sikujitaja.

Siku mbili nilisafisha radiateri, sikula vizuri. Sauti ya kapita ilinirudia: iko fasi, tafuta ile fasi. Nilikuwa nimetafuta wapi? Garajini, kwenye sakafu sawasawa, kamyo bila muzigo. Lakini ile kamyo haikunywa maji garajini. Ilikunywa mulimani!

Nilienda kwa Anselemi. "Kaka, tupande pamoja, na muzigo wote."

"Kuko faida gani? Posho iko kesho."

"Twende tu, nakuomba."

Nilichukua bunga ileile ya muhogo, lakini sasa niliipakaza nje, nikainyunyizia motere yote mupaka ikawa nyeupe kama muntu aliyetoka kusaga. Tulipanda. Anselemi hakuimba, na kukosa wimbo wake kuliniuma kuliko matusi. Katikati ya mupando, pua ya kamyo ikiangalia mawingu, nilimuambia asimame. Niliingia chini na moto wote ule.

Kule nyuma ya motere, fasi jicho halifiki, kuna kifuniko kidogo cha chuma, kama kisahani, kinachoziba tundu la bloki, mwili wa chuma wa motere. Tulikiita pastiye. Chini yake bunga yote ilikuwa imelowa, na pale ilipoangukia bomba ya moshi, ilikuwa imeiva ugali. Kutu ilikuwa imekula kile kifuniko. Kwenye usawa hakikutoa kitu. Kamyo ikiinama na kupata moto, maji yalitoka kidogo kidogo juu ya bomba, yakakauka mbele ya kugusa udongo.

"Anselemi! Iko fasi! Njo hii hapa!"

Alilala chini pembeni yangu, akaona, akacheka mupaka machozi. "Kumbe umeipikia ugali, njo ikasema."

Bwana Shefu alikuja mwenyewe kuona. Alitikisa kichwa. "Bon. Maji, Anselemi hapana kosa. Lakini bunga? Nani alitia bunga?"

Anselemi alifungua kinywa, nadhani kujitwika kosa langu. Sikumungoja. "Ni mimi, Bwana." Buku iliyoandikwa vibaya siku ile ilikuwa yangu.

Garaji kubwa haikunichukua tena. Nilimalizia kazi katika shamba la pareto karibu na Muheto, nikitengeneza mashini za kukausha maua. Nyumba yangu ilikuwa kando ya barabara. Na kila juma Anselemi alisimama. Nilifungua radiateri yake, nikaikuta imejaa mupaka shingoni. "Papa Bauma," alisema, "motere iko na kiu kidogo." Tulikaa, tukakula viazi, akaondoka na honi mara mbili. Aliendelea hivyo mupaka nywele zetu zote zikawa nyeupe.

Siku moja kamyo ilikuja na shofere mwingine. Kabla hajashuka nilijua. Walikuwa wamemuzika Walikale.

Sasa nimeacha kazi, masikio yamebaki mazuri kuliko macho. Barabara ni ya pikipiki tu, zinapita mbio toka Rubaya na mizigo yao. Pikipiki haina radiateri, haisimami kuomba muntu kitu. Mke wangu ananicheka, kwa sababu kila asubuhi bado ninajaza ndoo na kuiweka kando ya mupando. Jioni anaichukua, anamwagilia maharagi yake, na mimi naenda kuchota tena.