Wageni wa Maji ya Chumvi

Nyumbani kwa Bi Zabibu, hapa Gongoni mjini Tabora, hajawahi kutoka mtu na njaa. Nasema hivyo nikiwa shahidi. Nimepanga chumba cha uani kwake mwaka wa nne sasa, na sketi nilizohamia nazo nimeshazigawa zote, hazinitoshi tena. Msoma mita akifika anakalishwa, analetewa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Muuza asali kutoka Ipole akipita mlangoni kuuza chake, yeye ndiye anayeishia kulishwa. Mimi ni Mkristo wa Nzega, mwalimu wa biolojia, na siku ya kwanza nilipomwambia nitajipikia mwenyewe aliniangalia kama niliyemtukana mamaye.

Kazi yake ni kupika kwenye shughuli. Harusi, maulidi, hitima, hata kipaimara cha watoto wa Kikatoliki, wanamwita yeye na mwiko wake mrefu. Watu mia tatu wakishashiba, huinamia sufuria, akabandua ukoko, akautafuna akiwa amesimama, huku akiuliza ni nani bado hajapata. Kumuuliza yeye kama amekula, sijawahi kumsikia mtu. Hata mimi sikuwahi. Nani amuulize mpishi?

Mwanawe ni mmoja tu, Fikiri. Aliondoka Tabora akiwa na miaka kumi na tisa, akawa fundi wa majokofu Dar es Salaam. Alikuwa akimpigia mama yake kila Ijumaa baada ya sala, bila kukosa, na simu zenyewe nilizisikia kutoka uani: shikamoo mama, marahaba baba, wazima huko, wazima, Ijumaa njema. Zilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Hapakuwa na ugomvi kati yao. Walikosa tu la kuzungumza, na hilo mimi naona ni baya kuliko ugomvi, kwa sababu ugomvi una siku ya kupatana.

Mwaka juzi Fikiri akapata mkataba wa kazi Maskati. Kabla ya kuondoka alikuja Tabora na gari la kukodi, na ndani ya gari mlikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, lake mwenyewe, alilolitunza miaka sita. Lilikuwa la maji ya bahari. Tabora hii, ambako ukitaka kuiona bahari unapanda treni siku nzima na zaidi, sebule ya Bi Zabibu ikapata bahari yake. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mmoja wa njano, mpana kama kiganja. Konokono kumi na wawili. Na vipande vitatu vya tumbawe hai, alivyopewa na rafiki yake anayeviotesha mwenyewe. Kimoja kilikuwa cha zambarau, kimefumbua vidole vyake vidogo majini, na hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote, maana alikipokea kikiwa sawa na ukucha.

Alikaa siku nne akimfundisha mama yake. Namna ya kuchanganya chumvi ya dukani, ile ya matangi, na maji ya mvua. Kipimo cha chumvi. Pampu, taa, na betri ya kusaidia umeme ukikatika. Na chakula: mara moja kwa siku, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Bi Zabibu aliitazama ile chembe kati ya vidole vya mwanawe. Baadaye aliniambia kwamba hata sisimizi huwezi kumkaribisha kwa kitu kama kile.

Fikiri akaenda zake Maskati, na Ijumaa zikabadilika. Sasa kulikuwa na habari. Samaki wa chungwa wamehamia pembe ya kushoto. Konokono mmoja ameanguka chali akanyanyuliwa na mwenye nyumba kwa kijiko. Mama anacheka, mwana anacheka, dakika arobaini, saa nzima. Chai yangu ikawa inapoa na mimi sijali, kwa kuwa nilikuwa natega sikio kwa raha zangu.

Tatizo lilikuwa vile vidole viwili. Ili umwelewe Bi Zabibu, ni lazima uujue mji wetu. Tabora ilikuzwa na misafara ya zamani. Watu walitua mizigo hapa miguu imevimba, wakapewa maji na mkeka, na wengine hawakuondoka tena. Bi Zabibu anasimulia kwamba babu wa babu yake alifika na mzigo wa chumvi kichwani, akianguka na kuinuka, akapewa uji na mwanamke asiyemjua. Baadaye akamuoa mwanamke huyo. Kwa hiyo, anasema, yeye yupo duniani kwa sababu ya bakuli la uji. Halafu leo waje wageni kwa njia ileile, kutoka pwani, na chumvi yao, awape chembe?

Akanunua dagaa wa Kigoma, akawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa unga, akawa anawapa asubuhi, mchana na jioni. Na kwa kuwa nusu ya Gongoni ilikuja kushangaa, kila mgeni alipewa naye unga kidogo ili awakirimu wageni wenzake. Mtu akirusha kidogo mno, aliambiwa asiwe na mkono wa birika.

Masika yalipoanza, mawe ya tangi yakaota ndevu za kijani. Kwanza zilipendeza. Bi Zabibu alidhani bustani imekubali. Kisha zikarefuka zikawa kama nywele za mtu aliyelala majini, zikapanda kwenye kioo, zikaifunika pampu, zikaanza kulizinga lile tumbawe la zambarau. Mimi nimeufundisha mwani kwa chaki miaka kumi na moja, na mbele ya tangi lile nilikuwa sawa na mwanafunzi aliyekuja na karatasi tupu.

Kwenye simu Bi Zabibu alisema wote wazima. Fikiri akiomba aonyeshwe kwa picha, bando lilikuwa limekwisha, na wiki iliyofuata likaisha tena.

Alipambana na mwani ule kimyakimya. Alisugua mawe kwa mswaki humo humo tangini, na vile vipande vilivyokatika vikaelea, vikatua mahali pengine, vikaota. Akalifunika tangi kwa kanga mbili siku tatu lisipate mwanga, kama mwali anayewekwa ndani. Dawa hiyo si mbaya, na kweli ndevu zilianza kufifia. Lakini mara tatu kwa siku nilimwona akiinua pindo la kanga na kunyunyiza unga wa dagaa, akinung'unika kwamba mtu aliye gizani ndiye anayehitaji kula zaidi. Baada ya wiki mbili ndevu zilikuwa zimerudi, na tumbawe la zambarau likafumba vidole vyake. Upande mmoja ukawa mweupe kama mfupa.

Siku ya Jumanne mchana nilikuwa barazani nasahihisha madaftari, nikamwona anarudi kutoka mjini na kifurushi cha gazeti. Alikuwa ametoka kwa Doto, mwenye duka la pembejeo, ambaye amewauzia dawa wakulima wa tumbaku tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Doto alimwambia kwamba mrututu kidogo tu, ile dawa ya shaba, ukitiwa kwenye maji, ukijani wote unakufa kwa siku moja. Na Doto hakudanganya. Bi Zabibu akafungua gazeti juu ya meza, na zile chenga za buluu zikang'aa vizuri mno.

Hapo ndipo chaki yangu ya miaka kumi na moja ilipofaa kitu. Nikamwambia mrututu ndio tunaoufundisha darasani kuwa uliwahi kutumika kuua konokono wa kichocho madimbwini. Utaua mwani, ndiyo, na konokono wake kumi na wawili, na kuhusu tumbawe sijui lakini nisingethubutu.

Kijiko kilikuwa tayari mkononi. Alikaa chini taratibu, akakiweka juu ya gazeti. Nikamuuliza kwa nini asimpigie mwenye tangi akamwambia ukweli. Akanijibu bila kuniangalia.

"Nikimwambia limeharibika, atampa mtu mwingine anayejua kulitunza. Ana haki. Halafu Ijumaa tutazungumza nini, Mwalimu?"

Niliona aibu, sijui hata kwa nini. Labda kwa sababu na mimi nina mama Nzega, na simu zangu kwake ni za dakika mbili.

Nilimwambia kwamba akitia mrututu, kesho hapatakuwa na tangi la kuzungumzia hata kidogo. Akakisukuma kile kijiko kando. Kisha akachukua simu, akapiga. Ilikuwa Jumanne, na Fikiri akapokea kwa sauti ya mtu anayetarajia msiba.

Bi Zabibu akamwambia yote: ndevu, mswaki, kanga, bando ambalo halikuwa limekwisha, mrututu mezani. Akageuza simu ili aone. Fikiri akauliza samaki wanakula mara ngapi. Kidogo tu, akajibu mama yake. Kidogo mara ngapi? Ikabidi ihesabiwe. Alfajiri, adhuhuri, magharibi. Wageni wanne, watano kwa siku, kila mmoja na unga wake. Akatazamana na mimi, na mimi ikabidi niseme. Kila asubuhi nikienda shule nilipitia sebuleni nikawarushia kidogo, kwa sababu walikuja kwenye kioo kuniangalia, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayewahurumia.

Fikiri akacheka mpaka akakohoa. Akasema tunawafanyia harusi kila siku. Chakula wasichokimaliza kinaoza, kinyesi kinazidi, maji yanakuwa samadi, na kwenye samadi kitaota kitu tu. Mrututu urudi kwa Doto. Dawa ilikuwa moja: wiki nzima wasipewe chochote, na baada ya hapo vidole viwili.

"Wiki nzima?" akasema Bi Zabibu. "Nyumbani kwangu mimi?"

"Mama, si wewe uliyenifundisha? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao wana mwaka na ushei. Yule wa njano na konokono, chakula chao hasa ni hayo majani. Hawayagusi kwa sababu wameshiba dagaa. Wape jembe, mama."

Wiki ile iliyofuata sitaisahau. Bi Zabibu alikigeuza kiti chake, akalipa tangi mgongo ili asione macho yao. Wageni walipoomba unga aliwaambia samaki wamefunga, na hakuna aliyeuliza zaidi, maana funga inaheshimiwa. Unga wa dagaa wakapewa kuku, ambao kwa kweli walinawiri. Jioni alikuwa ananiuliza, kwa sauti ya chini, kama naona wamekonda.

Siku ya nne aliniita nikiwa bado na sabuni usoni. Samaki wa njano alikuwa ameinamisha kichwa kwenye jiwe, anazikata ndevu moja baada ya nyingine, kama mbuzi kwenye ua wa jirani. Konokono walikuwa wameacha njia safi juu ya kioo, kila mmoja na njia yake. Bi Zabibu alisimama pale mkono kifuani.

"Kumbe wanajua kazi," akasema.

Haikuwa muujiza. Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Kila Jumamosi tulikunja mikono, yeye akizungusha ndevu kwenye mpini wa mswaki kama anayesokota uzi na kuzivuta zitoke nje, mimi nikinyonya uchafu kwa mpira hadi kwenye ndoo, na mara moja nikameza, ladha yake nisiulizwe. Tulibadilisha sehemu ya tano ya maji kwa maji mapya ya chumvi. Wiki nyingine mwani ulirudi nyuma, wiki nyingine ukasonga mbele kidogo, na yeye akawa anakasirika kama mtu aliyeibiwa kuni. Lakini mawe yakaanza kuonekana. Upande mweupe wa lile tumbawe haukufufuka. Upande wa pili, asubuhi moja, ulitoa kidole kimoja cha zambarau, kisha viwili. Fikiri aliona kwa picha, bando likiwa zima, akasema hiyo inatosha, kwamba kilicho hai kitatambaa polepole juu ya kilichokufa.

Ikaja Ijumaa ambayo hapakuwa na tatizo. Bi Zabibu alikuwa ametoka kupika hitima mtaa wa Cheyo, kanga yake bado inanuka moshi. Simu ikalia. Nilikuwa uani na kikombe changu. Maji masafi, akasema. Wote wazima. La zambarau limefumbua. Kisha akanyamaza, na huko Maskati nako kukawa kimya. Nilijua kimya kile, nilikisikia kila Ijumaa kabla ya tangi kuja. Nikamwona anaishusha simu kutoka sikioni, akisema haya baba, Ijumaa njema.

"Mama," sauti ya Fikiri ikatoka kwenye simu. "Na wewe umekula nini leo?"

Aliitazama simu mkononi. Nadhani alikuwa anatafuta nafsini mwake mahali swali hilo linapowekwa. Mwishowe akasema amekula ukoko.

"Ukoko tu? Wa nini?"

"Wa pilau. Lakini pilau yenyewe, baba, ngoja nikwambie ilivyonitoa jasho," akasema, na akavuta kigoda.

Nikaacha chai yangu ipoe. Niliingia jikoni, nikapakua sahani ya wali na maharage niliyopika mwenyewe, nikaja nikaiweka mbele yake bila kumkatiza. Aliila akiwa amekaa.